Kulala Kenya, Kushinda Kasapa

Mitwaba, kama kwingine Kongo, anayefaulu Examen d'État humwagiwa poda kichwani mpaka kope zigeuke nyeupe. Furaha hiyo hudumu hadi jioni. Baada ya hapo wazee huvuta viti, na kijana aliyesema anataka kusoma informatiki hujikuta mbele ya mahakama ya watu wasiowahi kugusa kompyuta.

Kijana wa kisa hiki alijiongezea balaa kwa kutaja shule mbili. Ya kwanza ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, cha serikali, kilichofungua milango mwaka 1956, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu ulikiozesha kwa nguvu na vyuo vya Kinshasa na Kisangani, vyote vikawa UNAZA. Mwaka 1981 ndoa ikavunjika, kila mmoja akarudi kwao. Ya pili ni École Supérieure d'Informatique Salama, ESIS kwa kifupi, ya Wasalesiani wa Don Bosco, ambao wako mjini humo tangu 1911. Tofauti yao si ndogo. UNILU, informatiki ilikulia nyumbani kwa hisabati, ndiyo maana wanafunzi waliizoea kwa jina la Math-Info. ESIS ni informatiki tangu asubuhi hadi jioni: mitandao, programu na ndugu zao.

Mjadala ulipaswa kuanzia hapo. Wapi!

Mjomba, aliyesoma enzi za gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 juu yake, alishtuka kusikia kwamba tangu mwaka wa masomo 2021–2022 nchi imeingia mfumo wa LMD, na lisansi hupatikana kwa miaka 3 tu. "Na ile 2 nani ameikula?" akauliza, akimkazia macho kijana kana kwamba ndiye mwizi. Shangazi alitaka kujua ni shule ipi kati ya hizo mbili itakayomfundisha kutengeneza simu yake, hiyo hiyo iliyoanguka kwenye sufuria ya sombe. Baba peke yake ndiye aliyeuliza la maana: atalala wapi?

Atalala kwa baba mdogo, komini ya Kenya. Basi safari ikaanza, zaidi ya kilomita 400 juu ya magunia ya lori, dosie ikiwa kifuani: biltini za mwaka wa 5 na wa 6, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema na picha ndogo za pasipoti. Mvua ilinyesha njiani. Karatasi zilipona kwa sababu ya plastiki. Picha, zilizokuwa mfukoni mwa shati, zikagandana. Alipozibandua mbele ya karani wa usajili, ya juu ilikuwa imebaki na sikio moja na nusu ya tabasamu.

"Huyu ni nani?" karani akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Huyu hana pua."

Picha mpya zilimaliza akiba ya nauli. Ndipo alipotuma ujumbe nyumbani: "Nalala Kenya, nashinda Kasapa. Feza inaisha. Mutume mbio."

Kwa mgeni wa Lubumbashi: Kenya ni komini yenye soko kubwa, jirani na Kamalondo na Katuba, na Nairobi haimo. Kasapa nayo ina vitu viwili mashuhuri: kampasi ya UNILU na gereza kuu. Mitwaba wanalijua zaidi gereza. Nkambo aliposomewa ujumbe alishika kichwa: "Banamufunga juu ya nini?" Mjomba akaeleza kwamba bila shaka amekimbilia Kenya usiku, akanaswa mchana.

Michango iliyogoma kutoka kwa ajili ya minervali ilitoka siku hiyo hiyo kwa ajili ya wakili. Kijana alipokea fedha, akashangaa, akashukuru, akalipa awamu ya kwanza upande wa mapadre. Kisha akaandika: "Sasa niko Salama." Nkambo akapiga magoti kumshukuru Mungu, na hadi leo anaamini wakili yule ni hodari.

Wenye mtoto anayesubiri zamu yake, wazee wakimaliza kugombana, mtumeni mtu aliyeko Lubumbashi apite kwenye shule zote mbili siku ya kazi ya kawaida, si siku ya milango wazi. Aulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakaa saa ngapi kwa wiki mbele ya mashine, na wangapi kwenye mashine moja. Aulize pia kuhusu jenereta. Mto Lualaba una mabwawa ya Nzilo na Nseke, na laini ya umeme kutoka Inga ilifika Katanga mwaka 1982, lakini migodi hunywa kwanza, na delestaji haibagui chuo cha serikali wala cha mapadre. Picha za pasipoti zipigwe mjini, baada ya kushuka lori.