Sifa za Kipindi Kisichoombwa na Mtu

Katika maandishi yote yasiyolipwa, yasiyochapwa na yasiyosubiriwa na kiumbe yeyote, hakuna lililo duni kama wazo la shabiki kuhusu kipindi kipya cha televisheni cha Thomas na marafiki zake, treni zenye nyuso. Ukilisoma moja umeyasoma yote. Injini mgeni anaingia kisiwa cha Sodor, anajigamba mbele ya injini mwenzake Gordon, anaipuuza taa nyekundu, anatumbukia mtaroni, anaomba radhi, na Msimamizi Mnene wa reli anamtangaza kuwa injini mwenye manufaa. Herufi zimekosewa, nukta hazionekani, na mwandishi ana ndevu. Wenye busara hucheka. Mimi nalivulia kofia, kwa kuwa bila wasumbufu wa namna hii Sodor isingekuwapo.

Shabiki wa kwanza alikuwa mtoto kitandani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kasisi Mwingereza Wilbert Awdry alimsimulia mwanawe Christopher, mgonjwa wa surua, visa vya treni. Mtoto akataka virudiwe vilevile, na baba alipoteleza neno akasahihishwa papo hapo. Ili kuokoa heshima yake kasisi akaanza kuandika, na mwaka 1945 kitabu cha kwanza kikatoka. Vitabu vilipoongezeka, barua nazo zikamiminika: mbona jambo hili halipatani na lile la kitabu kilichotangulia? Mtu mwingine angezitupa jikoni ziwashie moto. Awdry, akisaidiwa na nduguye George, alichora ramani, akapanga vituo, akatunga historia, na mwaka 1987 ndugu hao wakachapisha kitabu kizima juu ya watu na reli za kisiwa ambacho hakuna meli iliyowahi kukifikia. Injini Henry naye alichorwa akafanana mno na Gordon hata ikawa vigumu kuwatofautisha. Mwaka 1951 ilibidi apate ajali, apelekwe karakana ya Crewe na kurudi na umbo jipya. Sijui wizara gani ya uchukuzi iliyowahi kuhangaika hivyo kwa ajili ya abiria wa umri wa chekechea.

Watasema mawazo haya yanafanana. Yanafanana, naam, lakini na nini? Na kipindi chenyewe, kilichoanza kurushwa Uingereza mwaka 1984 kikisimuliwa na Ringo Starr, kikaendelea hadi 2021 na kupita vipindi 500, na humo mitaro haikukauka magurudumu. Anayelaumu nakala aulaumu kwanza msahafu. Watasema pia kwamba ni aibu mtu mzima kubishana juu ya treni zenye nyuso. Basi aibu hiyo aigawane na kasisi mwenyewe, aliyetaka kila kisa kiwe na mzizi katika tukio la reli ya kweli, na aliyenung'unika waziwazi watengenezaji wa televisheni walipoanza kutunga vya kwao. Kuna na pingamizi la tatu, kwamba makampuni ya televisheni hayasomi mawazo yasiyoombwa, kwa kuogopa kesi. Hilo halimwondolei shabiki sifa hata chembe. Dua nayo haingoji risiti.

Lakini cheo chake halisi kinaonekana kwa Nia. Mwaka 2018 watengenezaji walimleta Sodor injini huyu kutoka Kenya, mwenye jina la Kiswahili safi, wakapumzika. Shabiki hakupumzika. Treni za mvuke za Kenya zilitembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Njia kuu ya Sodor ni ya kipimo cha Uingereza, milimita 1,435. Nani alimpanua Nia miguu milimita 435, kwa nyundo gani, na alilipwa na nani? Abiria wa Nairobi aliyeshuhudia SGR, reli ya kipimo hichohicho, ikijengewa njia yake, kando na ile ya zamani, anajua kwamba swali hili si la kipuuzi. Mtoto aliye mbele ya televisheni haliulizi, mtengenezaji hakulijibu, na kati yao wamesimama watu wachache wenye ndevu, waliokwisha kuandika kipindi kizima cha kulitatua. Nia anashushwa bandarini, anakuta reli zimeachana kuliko magurudumu yake, anaambiwa asubiri karakana. Hasubiri. Anajigamba mbele ya Gordon, na mtaro uko palepale.