Kadi, Friza na Jua la Bwejuu

Nina mpwa wangu anasoma chuo Dar es Salaam. Tangu asikie nataka kubadilisha kadi ya grafiksi kwenye kompyuta yangu, amejipa cheo cha mshauri mkuu. Ananitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi, unaoanza na "shikamoo mjomba" na kuishia na "yaani mjomba, chukua RTX 3060 ulale."

Nilale wapi? RTX 3060 ilitoka mwaka 2021, ina GB 12 za kumbukumbu, na peke yake inakula wati 170. Mpwa wangu anaishi hosteli, umeme ukikatika anatoka nje kumlaumu mtu. Mimi naishi Kisiwa cha Bwejuu, wilaya ya Mafia. Umeme wangu ni paneli moja ya wati 300 juu ya bati, betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 200, na inveta yenye roho nyepesi, ikizidiwa kidogo tu inalia na kuzima. Nikitaka kumlaumu mtu, inabidi niyalaumu mawingu.

Na hii Bwejuu yenyewe ni mtihani. Ukimwambia muuzaji wa Kariakoo "nitumie Bwejuu," anakuuliza hoteli gani. Maana iko Bwejuu nyingine, ya Unguja, kule karibu na Paje, yenye mchanga mweupe na wazungu wanaoota jua kwa hiari yao. Pedi zangu za gemu ziliwahi kupelekwa huko. Mimi niko Kilindoni nasubiri mzigo, simu inaita: "Bosi, nipo hapa Paje, njoo uchukue." Pedi zikakaa pwani ya mashariki ya Unguja kwa raha zao, zimetembea kuliko mimi. Siku hizi naandika kwenye boksi kwa herufi kubwa: BWEJUU YA MAFIA, ipite Mbagala, Nyamisati, ivuke mpaka Kilindoni, ndipo ipande mashua. Bado wanapiga kuuliza hoteli.

Turudi kwenye kadi. Watu wakisikia "kompyuta ya gemu" wanafikiria lile sanduku la kioo lenye taa za rangi rangi. Yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba ya kulaza, prosesa yake i5-3470 ya mwaka 2012. Ilifanya kazi ofisini huko Ulaya, ikastaafu, ikaletwa Kariakoo, ikafutwa vumbi, na muuzaji akaipa cheo kipya pale pale kaunta: gemu. Ukiifungua, unakuta pawa saplai ya wati 240 kwa mashine nzima, na hakuna waya hata mmoja wa ziada wa kulishia kadi. Kwa hiyo kadi itakayoingia lazima ijilishe kwenye tundu lake la ubaoni tu, ambalo kikomo chake ni wati 75. Halafu kesi ni nyembamba, inataka kadi kimo cha mbilikimo. Hiyo RTX ya mpwa wangu haiingii hata ukiipaka mafuta.

Nilipomweleza alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mjomba, basi badilisha kesi." Nikamwambia sawa. "Na pawa saplai." Sawa. "Na ubao, maana prosesa hiyo itaibana kadi." Nikamuuliza kama na kisiwa nibadilishe. Akasema ingesaidia.

Kumbe zinazonifaa ni chache. Iko GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, GB 4, wati 75. Iko GTX 1650 ya mwaka 2019, nayo GB 4 na wati 75, ila ina nguvu zaidi, na zipo zilizotengenezwa fupi kwa kesi kama yangu. Na iko GT 1030 ya mwaka 2017, maskini wa Mungu, GB 2, wati 30, lakini haina makuu. Kwenye hiyo GT 1030 nako kuna mtego: mwaka 2018 ilitoka nyingine yenye jina lile lile ila imewekewa kumbukumbu ya DDR4, ambayo mwendo wake ni kama theluthi ya ile ya kwanza. Jina moja, boksi zinafanana, moja inakimbia na moja inachechemea. Huku kwetu mtu akiuza changu kwa jina la kolekole anafukuzwa sokoni.

Na hiyo bado ni halali. Zipo za bandia kabisa. Wajanja wanachukua kadi kuukuu kama GTX 550 Ti ya mwaka 2011, wanaandika upya programu yake ya ndani, kompyuta ikiwashwa inasoma GTX 1050 Ti, na wewe unapiga bismillahi kwa furaha mpaka gemu igande. Kuna kijana aliniletea picha ya moja kama hiyo, anataka laki mbili na nusu, "kwa sababu ni wewe, Mwalimu." Nikaikuza picha. Nyuma ya kadi kulikuwa na tundu la buluu la VGA, lile la pini 15. Sasa, chipu za familia ya 1050 Ti zimeacha kabisa kutoa VGA. Nikamwambia, hebu iwashe, ufungue programu ya GPU-Z, maana tangu 2018 inazitambua kadi za namna hiyo na kuziandika waziwazi kuwa ni feki. Kijana akasema anaingia msikitini, atanipigia. Ibada yake ni ndefu, mpaka leo hajatoka.

Wakati mwingine najiuliza hao wanaopima kadi kwenye video walishawahi kuona bahari. Wanapima joto, wanapima fremu kwa sekunde, hakuna anayepima chumvi. Fungua kesi yangu uone: skrubu zina kutu, matundu ya USB yameota ukijani, na vumbi la huku halipulizwi likaruka, limeshikana kwa unyevu, unalikwangua kwa mswaki. Kusi ikivuma, upepo unaingia dirishani na maji yake. Halafu mtu wa Dodoma ananishauri niache kesi wazi ipate hewa. Hewa gani? Hii ya kwetu inakula mabati. Feni ni mdomo wa kunywea chumvi, na kila feni inayoongezeka ni mdomo mwingine. Ndiyo maana ile GT 1030 isiyo na feni, iliyovaa bati la kupoza tu, ilinitia tamaa kweli kweli, ingawa kwa gemu za sasa ni sawa na kuniambia nitazame picha ya boksi.

Ila chumvi unaweza kuisugua. Friza huwezi.

Mke wangu ana friza ndogo ya barafu za ubuyu na ukwaju, na biashara ya barafu Bwejuu haina msimu. Friza hiyo inakula kama wati-saa 800 kwa siku. Paneli yangu, jua likiwa la saa tano za maana, inatoa 1,500 kwenye karatasi, na ukitoa hasara za njiani, betri na inveta unabaki na kama 1,100. Kompyuta ikiwa na GTX 1650, pamoja na skrini, inavuta kama wati 150 nikicheza. Saa mbili ni 300. Mia nane na mia tatu, elfu moja na mia moja, kamili! Nilimpelekea hesabu hiyo imeandikwa vizuri kwenye daftari, nimeipigia mstari kwa rula.

Akaisoma yote. Akauliza, "Baba watoto, taa ziko wapi?"

Taa nilizisahau makusudi. Na chaji za simu. Akauliza tena, kwa upole ule unaonitisha, "Na hiyo kadi inaingiza shilingi ngapi kwa siku?" Nikamweleza kuhusu macho kuchoka, picha kukatika katika, na kwamba gemu la mpira la EA la 2024 linataka angalau GTX 1050 Ti. Sikumwambia kwamba linataka pia GB 100 za nafasi, maana hizo GB 100 zinapakuliwa kwa bando, na bando linanunuliwa kwa hela ya barafu.

Tumekubaliana 1650, kadi fupi, saa mbili, baada ya Isha, siku ambayo betri imejaa. Mwenye kusema betri imejaa ni yeye. Anaitazama ile namba ya kidhibiti cha chaji kabla hajatazama kama chai imechemka, na sijawahi kuona mtu anayeisoma 12.4 kwa sura ya huzuni namna ile.

Tatizo lililobaki ni nahodha jirani yangu. Huyu ndiye mpinzani wangu wa kila mara kwenye PES 2013, ananifunga, kisha analalamika kwamba kuna kompyuta nyingine unaona mpaka jasho la mchezaji na yeye amechoka kucheza na watu wakavu. Jua likiwaka yuko baharini. Mawingu yakitanda na upepo ukichafuka, mashua inavutwa juu, naye yuko barazani kwangu asubuhi na mapema, ameshika pedi, betri iko nusu na friza inaunguruma. Siku zote za kucheza ni siku zisizo na umeme.

Juzi amekuja na wazo. Anasema ana injini ya boti imekaa bure ndani, ya mafuta, je, Mwalimu, wewe msomi, haiwezi kuungwa na kompyuta? Kabla sijafungua mdomo mke wangu akajibu kutoka jikoni kwamba inaweza, ila aanze na friza.