Televisheni Iliyotuhamishia Kinshasa

Mimi ndiye niliyeleta kile kisanduku nyumbani kwetu Sake, mashariki mwa Kongo, kwa hiyo lawama zote ni zangu. Ilikuwa Januari 2024, Léopards, timu yetu ya taifa, wako Côte d'Ivoire wakigombea Kombe la Afrika, nami nilikuwa nimechoka kutazama mpira dirishani kwa kinyozi, nikibanana na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo. Nikanunua modemu ya intaneti ya nyumbani, ile isiyo na waya: unatia kadi ya simu, unaiweka dirishani, basi. Umeme tulipata kwenye panelo ya jua juu ya bati. Mke wangu aliuliza swali moja tu.

"Papa, pesa za mbegu za viazi ziko wapi?"

Nikajifanya nasoma maelekezo.

Jioni tukaiunganisha na televisheni, tukawasha. Televisheni ikazunguka, ikazunguka, mwishowe ikaandika kwamba mechi hii haionyeshwi mahali tulipo. Chini, kwa herufi ndogo: Ubelgiji.

Mama mkwe alivaa miwani, akasoma mara mbili. "Hawa si waliondoka 1960? Wamerudi kwa njia gani?" Mtoto wetu wa kwanza akataka kujua kama kesho ataenda shule na koti.

Mpwa wangu, fundi wa simu sokoni, ndiye aliyetutoa ujinga. "Mjomba, televisheni haina macho. Haioni ziwa wala milima ya Masisi." Kumbe inachotazama ni tarakimu za anwani ambayo modemu imepewa na kampuni, halafu inazitafuta kwenye daftari linaloonyesha anwani ipi ni ya nchi gani. Anwani hizo huuzwa na kukodishwa, huhama kutoka kampuni moja hadi nyingine, na daftari huchelewa kupata habari. Na kwa kuwa haki za kuonyesha mpira huuzwa nchi kwa nchi, ukiandikwa Mbelgiji utafungiwa mlango hata kama unakula sombe. Kumbe dawa yangu ya siku tatu, kuzima na kuwasha, ilikuwa sawa na kuipiga chukudu teke kwa sababu viazi vimeoza.

Mpwa akapigia kampuni simu hadi unite za simu zikaisha. Siku mbili baadaye tukawa Wakongo tena, ila Wakongo wa Kinshasa. Modemu za nyumba nyingi hutokea kwenye mlango mmoja wa kampuni, na mlango wa yetu uliandikwa huko, zaidi ya kilomita 1,500 magharibi. Mpira ukaonekana. Mama mkwe akaanza kutuamkia kwa "Mbote" ya Kinshasa.

Hakuna aliyekumbuka saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima, nayo televisheni ilikuwa imejiwekea saa ya huko. Ijumaa, tarehe 2 Februari, robo fainali dhidi ya Guinea ilikuwa ianze saa nne usiku. Saa ya televisheni ilisema saa tatu na dakika zake, nasi tukawa tunakula bukari na sambaza bila haraka. Mara mtaa mzima ukalipuka kwa kelele.

Sake ya siku zile, kelele za usiku hukuzidhania kuwa za mpira. Vita vilikuwa vimesogea mpaka milimani juu yetu. Mke wangu alikata umeme wote, akawasukuma watoto chini ya kitanda. Mama mkwe akawafuata na sufuria ya sambaza mkononi. Tukalala kifudifudi kungoja mlio wa bunduki. Badala yake jirani akapaza sauti: "Mbembaaa!" Kumbe kapteni amesawazisha. Modemu ilipokubali kuwaka tena yalikuwa mapumziko, 1–1. Tulishinda 3–1, na mabao mawili ya mwisho tuliyaona tukiwa bado na vumbi kifuani.

Siku tano baadaye ilikuwa nusu fainali, na safari hii kelele zilikuwa za bunduki zenyewe. Maelfu ya watu walishika barabara ya Goma, kilomita kama 25, nasi tumo: magodoro juu ya chukudu, modemu ndani ya sufuria. Usiku ule tulisikiliza mechi kwa redio ya watu. Tulifungwa 1–0 na wenyeji.

Kesho yake mpwa alituonyesha picha kwenye simu. Wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wetu walikuwa wameziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wameelekeza panjani kama bastola, kwa ajili ya watu wa mashariki. Mama mkwe aliishika simu muda mrefu.

"Hawa," akasema, "wanajua tunapokaa."

Modemu bado tunayo. Ukinunua kama hiyo, weka saa ya televisheni kwa mkono wako kabla hujapika chakula. Saa yetu sasa ni sahihi. Mahali, bado inaandika Kinshasa.