Nadharia ya Kisichouma: Mhadhara Mkuu wa Dundori Kuhusu Kisukari

Waheshimiwa wakulima wa viazi na karoti wa Dundori wanafahamishwa kwamba mtaalamu anayewahutubia, ambaye uprofesa wake alijitunuku mwenyewe bila kukisumbua chuo chochote, amekamilisha Nadharia ya Kisichouma, isemayo kwamba ugonjwa usiouma haupo, na kwamba mwenye kisukari, yaani mtu ambaye sukari imezidi katika damu yake kwa sababu insulini imepungua au haifanyi kazi ipasavyo, akiacha kutia sukari kwenye chai amekwisha kupona, hata kama mukimo kwenye sahani yake umepanda kama mlima Longonot.

Nadharia hii tukufu ina maadui wanne tu. Wa kwanza ni jicho. Katika utafiti uliofanyika Nakuru mwaka 2007 na 2008, watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi walichunguzwa, na takriban theluthi moja ya waliokuwa na kisukari walikutwa na retinopathi, yaani kuharibika kwa mishipa midogo ya damu katika retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hali ambayo huanza bila maumivu na bila kufifisha macho. Mtaalamu anajibu kwamba watu hao walikosa adabu kwa kukubali kutazamwa.

Adui wa pili ni mguu. Kisukari hufisha neva, na ndiyo sababu mhudumu wa kliniki hugusa wayo kwa uzi wa nailoni unaopinda ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10, huku mgonjwa, akiwa amefumba macho, akitakiwa kusema anapoguswa. Mkulima anayeshinda shambani na kokoto ndani ya buti la mpira, akalivua jioni likiwa limelowa damu, kwa mujibu wa nadharia ni mzima kuliko wote, kwani hakulalamika hata mara moja.

Wa tatu ni figo, ambazo huvujisha albumini, aina ya protini, kwenye mkojo muda mrefu kabla miguu haijavimba. Wa nne ni kipimo cha HbA1c, mmbea anayefichua wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, hata mgonjwa aliyesusia mandazi siku mbili kabla ya kliniki asiweze kumdanganya daktari.

Ili maadui hao waaibishwe hadharani, mtaalamu anaagiza kila mwenye kisukari cha aina ya 2 apimwe macho, miguu na mkojo mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka, hata akijihisi mzima. Kwa maana nadharia isiyopimwa ni porojo tu, lakini mguu usiopimwa huweza kukatwa.