Jeshi la Gundi

Kila Novemba, mjini Telford, Uingereza, majeshi ya dunia nzima hukutana bila kumwaga damu. Modeli ndogo za vifaru, manowari na ndege za kivita hupangwa mezani, na majenerali wake ni wazee wenye miwani iliyoshukia puani na vidole vilivyogandana kwa gundi.

Usiwadharau. Mbawa za ndege halisi ya kivita ya Spitfire zina upana wa mita 11 na ushei. Kwa modeli ya kipimo cha 1:72, yaani ndogo mara 72, zinabaki sentimita 15 na ushei. Ndani ya kindege hicho anaketi rubani asiyezidi ukucha wa dole gumba, naye kapakwa hadi nyusi, ingawa kioo kikishafungwa hakuna atakayemwona.

Ugomvi mkubwa ni rangi. Mwaka 1943 Wajerumani walianza kuvipaka vifaru vyao manjano iliyofifia. Manjano ipi hasa? Hapo marafiki wa miaka nenda rudi hununiana. Waliofukuzwa na vifaru vyenyewe hawakupata nafasi ya kuuliza.

Kisha kuna ujenzi wa pamoja: kundi zima huafikiana kuunda ndege ya aina moja, kwa siku moja ya mwisho. Siku ikiwadia, waliomaliza ni wachache. Waliobaki wana udhuru, na kisanduku kingine kipya cha modeli kwapani.

Laiti wakubwa wanaotangaza vita wangelazimishwa kwanza kuloweka kila nembo ya modeli majini na kuibandika kwa kibano! Dunia ingestarehe. Hakuna jeshi ambalo lingekuwa tayari kwa wakati.