Namna ya Kukarabati Makumbusho Bila Kurudisha Kitu

Umekabidhiwa funguo za jumba kubwa la makumbusho. Limejaa mali za watu wengine, na serikali imekupa fedha za kulikarabati. Usihangaike. Wenzako wa Tervuren, pembeni mwa Brussels, wameshachonga njia: walifunga makumbusho yao ya Afrika mwishoni mwa 2013, wakayafungua upya Desemba 2018. Wafuate tu.

Anza kwa kufunga muda mrefu. Miaka mitano inatosha: wakosoaji wazee watakuwa wamechoka, na vijana watakuwa wanagombania jambo jingine. Mkandarasi naye achimbe. Tervuren walijenga jumba jipya la vioo bustanini, wakapitisha njia chini ya ardhi hadi jengo la zamani la 1910, na humo wakaweka mtumbwi wa urefu wa zaidi ya mita 22. Mgeni akiuona atauliza ulipitaje mlangoni. Hatauliza ulitokaje Kongo.

Sasa shughulikia aibu. Kila makumbusho ya aina hii yana sanamu ambayo mwalimu akikutana nayo uso kwa uso, wanafunzi wakiwa nyuma yake, huanza kukohoa. Ya Tervuren ni mtu-chui: Mwafrika aliyejifunika vazi la madoa, makucha ya chuma mkononi, amemwinamia mwenzake aliyelala. Usiivunje. Ishushe kwenye chumba cha chini pamoja na nduguze, tangaza kwamba hizi si sehemu ya maonyesho tena, kisha waache wageni waingie kuzitazama. Makumbusho yale yanao pia mchoro wa Chéri Samba wa 2002: Wakongo wanaivuta sanamu hiyohiyo kwa kamba waitoe nje, Wazungu wanaing'ang'ania kwa nyuma. Ukishamiliki mchoro unaokusuta, nani atapata la kukusuta tena?

Kwa yale yasiyobebeka, kimbilia sheria ya majengo ya kale. Kwenye ukumbi wa mviringo zipo sanamu zinazong'aa dhahabu, mojawapo ikionyesha Ubelgiji ikiipelekea Kongo ustaarabu. Haziondoki, maana jengo limelindwa kisheria pamoja na vilivyoshikamana na kuta zake. Zimelindwa vilevile herufi za jina la Leopold II, mfalme aliyeimiliki Kongo bila kuikanyaga hata siku moja, zilizotapakaa humo ndani. (Vinyago vya Kongo havikuwa na sheria ya namna hiyo vilipokuwa kwao.) Basi mwite msanii Mkongo. Aimé Mpane alichonga kichwa kikubwa cha mbao kikasimamishwa ukumbini humo kukabiliana na dhahabu. Baadaye yeye na msanii mwenzake Jean Pierre Müller wakatundika mbele ya sanamu vitambaa vyepesi vyenye picha. Msanii ni nafuu kuliko nyundo, na watu wasiporidhika watamlaumu yeye.

Humo pia kuna ukuta mmoja wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo enzi za Leopold. Mwaka 1897 Wakongo walisafirishwa hadi Tervuren wakaonyeshwa hadharani kama bidhaa, na saba kati yao wakafia hukohuko. Msanii Freddy Tsimba aliyaandika majina ya hao saba kwenye vioo vya dirisha, ili jua likiwaka vivuli vyake viangukie ukuta uleule wa Wabelgiji. Hapa kejeli inanishinda. Ndicho kitu bora kuliko vyote humo, ingawa kinategemea Ubelgiji ipate jua.

Mwisho utaulizwa habari ya kurudisha. Siku chache kabla ya ufunguzi, Rais Joseph Kabila alisema Kongo ingedai vitu vyake. Usikatae, kukataa ni ushamba. Sema utafiti wa asili ya kila kitu unaendelea, na kwa kuwa vitu vya utamaduni pekee ni kama 120,000, na vilivyowekwa mbele ya wageni ni sehemu ndogo mno, utafiti huo utakufikisha kwenye pensheni. Wakikubana sana, toa kimoja. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikwenda Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, akakikabidhi kwa makumbusho ya taifa ya huko mbele ya kamera. Kwa mkopo. Hauna kikomo, lakini ni mkopo.