Namna ya Kulipa Madeni Buzebazeba Bila Kulipa

“Njoo kesho” imechakaa. Hata muuza migebuka haiamini tena. Mdaiwa wa kisasa wa Buzebazeba, kata iliyo jirani na ziwa, anahitaji utaratibu.

Mlango wako uite sifuri. Nyumba zinazofuata kuelekea ziwani zipe namba: 1, 2, 3, hadi pumzi ikuishie. Watangazie wanaokudai kwamba utawapitia wote, nyumba moja kwa siku. Siku ya kwanza ruka nyumba moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, uendelee hivyo. Kila asubuhi jaribu kwanza kurudi nyuma. Kurudi kukikufikisha mlangoni kwako au kukakupitiliza, au kukakutua kwenye nyumba uliyokwisha kuikanyaga, nenda mbele kwa idadi ileile. Ni mwendo wa pupa: haupangi kesho.

Utatua 1, 3, 6, kisha 2, 7, 13, 20, 12. Mtaa mzima utakuona unahangaika juani, na hakuna atakayesema umekimbia.

Siri iko kwenye kuchagua pa kukopa. Usikope kamwe nyumba ya 42: utafika hapo siku ya 20 na tena siku ya 24, maana katazo la kurudia ni la kurudi nyuma tu. Dagaa kopa nyumba ya 4, mawese nyumba ya 5. Siku ya 129 utabisha hodi kwa wa mawese, jirani yake wa dagaa akiwa tayari amesimama mlangoni. Mwamkie, kisha kesho yake nenda nyumba ya 135. Akilalamika, mjibu kwa adabu: “Mama, utaratibu upo, zamu yako bado.” Zamu yake ni siku ya 131.

Deni la mabati liweke nyumba ya 19. Huko utafika siku ya 99,734, yaani baada ya miaka 273 hivi. (Kufikia hapo miruko itakuwa imekwisha kukupeleka ng’ambo ya ziwa, Kongo, nauli ya boti ni juu yako.)

Mdai akiuliza nani kabuni upuuzi huu, mtajie Bernardo Recamán wa Kolombia, aliyempelekea Neil Sloane mfululizo huu mwaka 1991. Sloane, mkusanyaji mkuu wa mifululizo ya namba, aliusajili kwa namba A005132. Inadhaniwa kwamba kila namba itafikiwa siku moja, lakini hakuna aliyethibitisha. Benjamin Chaffin aliufuata kwa kompyuta hadi hatua zinazofikia 1 yenye sifuri 230 nyuma yake, na nyumba ya 852,655 ilikuwa bado haijabishwa hodi. Kwa hiyo unaweza kumwapia mkazi wake kwamba utafika. Hakuna mwanahisabati atakayekuita mwongo, wala mkweli.

Hatari ni mdai mwenye mtoto sekondari. Huyo ataichora ratiba yako nyuma ya daftari, na asubuhi ya siku ya 131 utamkuta mama wa dagaa barazani, chai imechemka, mwanawe kashika kalamu. Hapo lipa, tena taslimu, usiombe chenji. Kesho yake unatakiwa nyumba ya 136.